Friji la Moto Katikati ya Theluji

Watu wakisikia habari za safari ya kempavani majira ya baridi, asubuhi kutembea kando ya ziwa na mchana kuteleza kwenye viwanja vidogo vya ski, huuliza kuhusu kitanda, hita na matairi. Wakiliona friji wanacheka: la nini, na huko nje ni nyuzi tano chini ya sifuri? Jamani, maziwa ukiyaweka nje yanaganda, mayai yanapasuka, na mbweha halijui neno 'mwenyewe'. Ndani ya gari nako hita inawaka usiku kucha. Mahali pekee penye ubaridi wa kiasi ni ndani ya kabati lile, na kabati lile linapozwa kwa moto.

Fungua kifuniko chenye matundu ubavuni mwa gari, utaona mwali wa buluu usiozidi urefu wa kidole. Hakuna mota, hakuna kompresa, hakuna kitu kinachozunguka. Friji hili walilibuni vijana wawili waliokuwa bado wanasoma Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na kampuni ya Electrolux ikalinunua mwaka 1925. Miaka hiyohiyo Albert Einstein na Leo Szilard walihangaika na mafriji yasiyo na mota, wakapata hataza kadhaa, lakini hakuna lililofika madukani. Wanafunzi walimshinda profesa, na sioni kwa nini jambo hili halisemwi zaidi.

Ndani ya mabomba yake yaliyolehemiwa kabisa mna maji, amonia na haidrojeni. Mwali unachemsha maji yaliyomeza amonia. Amonia inatoka kama mvuke, inapanda hadi kwenye mapezi ya nyuma, inatoa joto lake hewani na kuwa kimiminika, kisha inateremka kwa uzito wake hadi kwenye bomba lililo ndani ya kabati. Hapo ndipo penye ujanja. Friji la kawaida hutumia kompresa kutofautisha shinikizo, huku juu, kule chini, ili kimiminika kigeuke mvuke. Hapa shinikizo la jumla ni lilelile kila mahali, ila ndani ya kabati sehemu kubwa yake inabebwa na haidrojeni, na amonia inabaki na fungu dogo. Kwa fungu hilo dogo inageuka mvuke hata katika baridi kali, na inapogeuka inanyonya joto la maziwa na nyanya zako. Mchanganyiko wa gesi hizo mbili ni mzito kuliko haidrojeni tupu, basi unashuka. Chini unakutana na maji yaliyopungukiwa amonia. Maji yanaimeza amonia, haidrojeni yanaiacha ipande ilikotoka. Kisha maji hayo yanarudi kwenye moto, na viputo vya amonia vinayasukuma juu ya bomba jembamba ili yaanze upya. Ukitega sikio hita ikiwa imezimwa, utasikia kibwabwajo kidogo. Hiyo ndiyo injini yake yote.

Kinachoendesha mzunguko huo ni uzito tu, kwa hiyo friji hili halivumilii kombo. Barabarani halina neno, mitikisiko inasawazisha. Gari likisimama kwenye mteremko usiku mzima, kimiminika kinatuama mahali kisipotakiwa, na mwali unaendelea kuchoma bomba kavu. Chumvi ya kromati iliyotiwa kuzuia kutu inajenga gaga na kuziba njia. Likifika hapo, halina fundi.

Kwa safari ya baridi ya namna hiyo, Slovenia inalipima friji hili vizuri. Kando ya ziwa Bohinj, mita 525 juu ya usawa wa bahari, ardhi ni tambarare. Unalizunguka ziwa kwa miguu kama kilomita 12, na gari la kebo linakupandisha hadi kituo cha ski cha Vogel, mita 1,535, kempavani ikibaki bondeni. (Usilale popote upendapo: ndani ya Hifadhi ya Triglav kupiga kambi nje ya maeneo yaliyotengwa ni marufuku, na ni haki.) Taabu inaanza ukienda Soriška planina, kiwanja kidogo cha ski kilicho karibu mita 1,300, unakofika kwa kempavani yenyewe. Watengenezaji huonya kwamba juu ya mita 1,000 mwali unaweza kugoma, hewa ni nyepesi. Gesi nayo: butani haichemki chini ya nusu digrii chini ya sifuri, kwa hiyo mtungi umejaa na moto hakuna. Ubebe propani, inayochemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Weka pima maji ndani ya friji, siyo sakafuni. Sukuma kabari chini ya matairi mpaka kiputo kikae katikati. Na matundu ya ubavuni yafunikwe kwa vifuniko vya baridi, maana upepo wa barafu ukipoza mno mabomba ya nyuma, mzunguko unalegea. Naam, friji linaweza kushindwa kupoza kwa sababu ya baridi.

Kwetu tumelijua miaka mingi: ndilo lile la mafuta ya taa lililotunza chanjo katika zahanati za vijijini. Mangapi yalihukumiwa mabovu, kumbe sakafu imebonyea au utambi umejaa masizi! Mafundi wa zamani walilisimamisha kichwa chini kutwa nzima, likafufuka, watu wakanong'ona mambo ya kishirikina. Vimiminika vilikuwa vinarudi mahali pake. Sasa mafriji ya jua yanachukua nafasi, na sina ubishi: mwali unakula nishati nyingi kuliko kompresa. Kinachoniudhi ni kuyatupa yale ya zamani nyuma ya jengo hadi wanunuzi wa vyuma chakavu wayafikie na msumeno. Amonia inaunguza macho na mapafu, haidrojeni inalipuka, kromati ni sumu. Hakuna anayemwambia kijana mwenye msumeno.

Matumizi mengine: friji dogo la chumba cha hoteli, kwa kuwa halipigi kelele, mashua za kuishi, kambi za safari mbali na umeme, na ndugu zake wakubwa, wanaotumia maji na chumvi ya lithiamu, wanaopoza majengo makubwa kwa joto ambalo viwanda vingelitupa.