Mbona watu huzirai wakisimama juani?

Mjini Garissa, hasa mwezi wa Machi joto linapopita nyuzi 35, si ajabu kumwona mtu mzima akianguka ghafla kwenye foleni. Wengi hudhani ni kifafa au ugonjwa wa moyo. Mara nyingi sivyo.

Ubongo unapoungana na uti wa mgongo kuna shina la ubongo. Hili huongoza pumzi, mapigo ya moyo na msukumo wa damu bila wewe kufikiri. Kutoka hapo huteremka neva iitwayo vagasi, ambayo hupita shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Kazi yake moja ni kuzuia moyo usiende mbio.

Joto hutanua mishipa ya damu, na ukisimama sana damu hutuama miguuni, hasa ikiwa umefunga au hujanywa maji. Moyo unapaswa kuongeza kasi. Lakini kwa baadhi ya watu shina la ubongo hutoa amri ya kinyume: vagasi huupunguza moyo mwendo, mishipa hulegea, na ubongo hukosa damu ya kutosha.

Ukihisi kichefuchefu, jasho jembamba na giza machoni, keti au lala mara moja.

Aliyezirai asisimamishwe. Mlaze kivulini, inua miguu yake. Asipozinduka baada ya dakika moja hivi, au mwili ukiwa moto sana na akiweweseka, mmwagie maji na kumkimbiza hospitalini.