Binti anataka kusoma saikolojia, baba amekataa

Safari hii tulienda kanda ya Rubondo kuketi na familia moja ya Wakongo. Binti yao wa kwanza alikimbia na Diplôme d'État yake ndani ya nguo, na sasa anataka kwenda Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kusoma saikolojia. Mama anakubali. Baba hataki hata kusikia.

"Mwalimu, mutoto asome miaka tatu juu ya kusikiliza bawazimu?" aliniuliza. "Aende uuguzi, tutakula."

Baba huyu si mtu mbaya, jamani. Anahesabu tu. Posho imepunguzwa, watoto ni sita, na anayesoma leo ndiye anayetegemewa kulisha wengine kesho. Basi tuongee kwa hesabu hiyo hiyo yake.

Kwanza, wengi tunachanganya watu wawili. Daktari wa magonjwa ya akili amesoma udaktari kwanza, kisha akaongeza masomo ya akili. Yeye anaandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Anasoma namna mtu anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyoogopa, mtoto anavyokua, na kwa nini kundi la watu linafanya jambo ambalo mtu mmoja peke yake asingelifanya. (Hilo la mwisho sisi tuliotoka vitani tunalijua bila kitabu.) Mwendawazimu anayetembea sokoni ni sehemu ndogo tu ya masomo hayo.

Makerere ni chuo cha serikali na kina Shule ya Saikolojia. Kuna shahada ya saikolojia ya jamii, na kuna ya saikolojia ya viwanda na mashirika, yaani watu kazini. Kila moja ni miaka 3. Vijana wengi wanafikiri watafundishwa kutoa mashauri tangu siku ya kwanza, halafu wanakutana na takwimu. Ndiyo, hesabu! Kupima, kulinganisha, kuandika utafiti. Na yote kwa Kiingereza. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa asijidanganye, mwaka wa kwanza utamtoa jasho. Huyu binti amekwisha kuanza kusoma Kiingereza jioni, na hapo ndipo nilipoona kwamba hana mchezo.

Je, atapata kazi gani?

Hapa niseme wazi, maana kuna vijana wamerudi na shahada wakashangaa. Shahada ya kwanza peke yake haikufanyi mtaalamu wa kutibu wagonjwa hospitalini. Anayetaka kazi hiyo anaendelea na shahada ya pili ya saikolojia ya tiba, pamoja na mazoezi kwa wagonjwa wenyewe, kwa mfano katika hospitali kubwa ya akili ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955. Hiyo ni miaka mingine miwili au zaidi, na pesa nyingine.

Lakini shahada ya kwanza nayo si karatasi tupu. Inaingiza mtu kwenye kazi za kulinda watoto, kusaidia wanawake waliodhulumiwa, kushauri wanafunzi shuleni, kufanya utafiti, au kuajiri na kusimamia wafanyakazi. Mashirika hapa kambini yanahitaji watu wa namna hiyo wanaojua Kiswahili chetu, Kinyarwanda, Kirundi na Kibembe. Kumweleza mgeni uchungu wako kupitia mkalimani ni kazi nzito. Kuna mambo mama hawezi kuyasema mbele ya kijana wa jirani anayetafsiri. Ubaya wake ni kwamba mikataba ya mashirika mara nyingi ni mifupi. Fedha zikikatika, kazi nayo inakwenda. Kwa upande wa haki, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, jambo ambalo ndugu zetu walioko katika baadhi ya nchi nyingine hawana.

Baba aliposema kwamba mambo haya ni ya wazungu, nilimsimulia habari ya hapa hapa Nakivale. Wakimbizi wenzetu, wasio madaktari, walifundishwa kwa wiki 6 kuwasaidia watu wenye kiwewe cha vita: wasiolala, wanaoshtuka ovyo, wanaoona tena mauaji. Waliofuatwa katika utafiti huo walikuwa wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Walipopimwa tena, katika waliosimulia maisha yao hatua kwa hatua na mshauri, 70 kwa kila 100 hawakuwa tena na ugonjwa ule. Waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa 65. Na wale waliofuatiliwa tu bila tiba? 37.

Baba alinyamaza. Halafu akasema taratibu, "Hao bashauri balikuwa bakimbizi kama sisi?" Ndiyo, baba, kama sisi.

Mimi nina ushauri mmoja kwa vijana, na binti nilimwambia mbele ya wazazi. Usiende kusoma saikolojia ili kujitibu mwenyewe. Kama usiku hulali, tafuta msaada kwanza hapa hapa. Darasani utasikia habari za ubakaji na mauaji wiki hadi wiki, na kidonda kibichi hakibebi kidonda cha mwingine. Alijibu kwamba yeye amelala vizuri miaka miwili sasa. Mama akatikisa kichwa kukubali.

Karatasi na karo

Cheti cha Kongo au Burundi kinapelekwa kwanza UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ili kilinganishwe na cha hapa. Bila barua hiyo chuo hakitakupokea. Fanyeni mapema, msingoje tangazo. Kuhusu karo, kuna ufadhili wa DAFI wa UNHCR, ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na tangu mwaka 2025 fedha za misaada zimepungua sana, kwa hiyo familia isiweke mayai yote hapo. Anayekosa mwaka huu aulize mafunzo mafupi ya wasaidizi wa jamii. Analipwa kidogo, lakini anajua kama kazi hii anaiweza kabla ya kutoa miaka 3.

Wakati wa kuaga, baba alikuwa bado hajasema ndiyo. Aliingia ndani, akatoka na bahasha ya nailoni, akaniuliza kama UNEB wanakubali Diplôme d'État iliyolowana pembeni.

Jina na muhuri vilikuwa vinasomeka. Nikamwambia waende nayo.