Kabla mwanao hajaondoka kwenda Ujerumani, soma bima yake

Na Mwandishi Wetu

Maandalizi ya kijana anayekwenda kuishi Ujerumani huwa ni ya ukoo mzima. Mjomba anachangia nauli, shangazi anafunga dagaa na unga wa ugali, na baba anahangaika na vyeti vya shule na barua ya chuo. Katika pilikapilika hizo, karatasi ya bima ya afya mara nyingi hutafutwa mwishoni, na inayochaguliwa ni ile ya bei nafuu itakayoridhisha ubalozi.

Hapo ndipo familia nyingi hujikwaa. Bima inayotosha kupata viza si lazima iwe bima itakayomtibu mtoto akiugua katika mwaka wake wa pili ugenini. Na kwa mwanafunzi, uamuzi anaoufanya katika miezi mitatu ya mwanzo unaweza kumfunga mpaka amalize masomo.

Bima ya safari ni ya safari

Wengi wetu tunaijua bima ya viza ya Schengen, ile ya kutembelea Ulaya kwa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Sharti lake ni kinga ya angalau Euro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani mtu akiugua au kufariki dunia.

Anayekwenda kusoma, kufanya kazi au kuungana na mwenzi wake kwa zaidi ya siku 90 huomba viza ya taifa, maarufu kama viza D. Akishafika, huenda kwenye ofisi ya wageni ya mji anaoishi kuomba kibali cha ukaazi. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani inamtaka aonyeshe kwamba anaweza kujikimu, na ndani ya kujikimu huko imo bima ya afya inayotosheleza.

Neno la kushika hapo ni “inayotosheleza”. Bima ya safari hulipia ajali na ugonjwa wa ghafla. Haikutengenezwa kwa ajili ya kliniki ya kisukari kila mwezi, dawa za presha, ufuatiliaji wa selimundu wala mimba. Ofisi ya wageni inaweza kuikataa wakati wa kutoa kibali, hata kama ubalozi uliikubali kwa ajili ya kuingia nchini.

Njia mbili: umma na binafsi

Ujerumani ina historia ndefu ya bima ya afya. Sheria yake ya kwanza ya bima ya wagonjwa ilipitishwa mwaka 1883, enzi za Kansela Otto von Bismarck. Leo kila mkazi analazimika kuwa na bima, na njia ni mbili.

Ya kwanza ni mifuko ya umma, ambayo kwa Kijerumani huitwa Krankenkasse. Iko mingi, ikiwamo AOK, Barmer na TK, na mtu huchagua mmoja. Mfuko wa umma haumkatai mwenye haki ya kujiunga kwa sababu ya ugonjwa, wala haumtozi zaidi mwenye pumu kuliko mzima. Hulipia daktari, hospitali, mimba na kujifungua. Mwanachama huchangia kidogo: kwa kawaida Euro 5 hadi 10 kwa dawa ya cheti, na Euro 10 kwa siku akilazwa, kwa siku zisizozidi 28 kwa mwaka.

Ya pili ni bima binafsi. Huko kampuni ina haki ya kuuliza hali ya afya yako, kukupandishia bei, kuondoa ugonjwa ulionao kwenye mkataba, au kukukataa. Ndani ya kundi hilo zipo bima nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya wageni, nyingine zikiuzwa kwa chini ya Euro 40 kwa mwezi. Zina kazi yake, lakini nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwapo kabla ya safari, zina muda wa kusubiri kabla ya kulipia mimba, na zina ukomo wa miaka.

Uamuzi wa miezi mitatu

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliye chini ya miaka 30 huingia kwenye bima ya umma kwa lazima, kwa mchango wa wanafunzi. Mwaka 2025 mchango huo, pamoja na bima ya uangalizi, ulikuwa karibu Euro 140 kwa mwezi, kiasi kinachotofautiana kidogo kati ya mfuko na mfuko. Kwa fedha zetu hiyo ni karibu shilingi laki nne.

Kwa mzazi anayepiga hesabu, Euro 140 dhidi ya 35 ni tofauti kubwa. Tukumbuke pia kwamba mwanafunzi asiye na ufadhili hutakiwa kuweka kwenye akaunti maalumu Euro 11,904 kwa mwaka, na kila mwezi anaruhusiwa kutoa Euro 992 tu. Humo ndimo zinamotoka kodi ya chumba, chakula na bima.

Kwa hiyo kijana anaposikia kwamba anaweza kuomba msamaha wa bima ya umma na kubaki na ile nafuu, hushawishika. Ni kweli anaweza. Maombi hayo hufanywa ndani ya miezi mitatu tangu wajibu wa bima uanze. Lakini msamaha huo haufutwi. Akishaupata, hawezi kurudi kwenye bima ya umma ya wanafunzi kwa muda wote wa masomo yake.

Chukulia binti anayeanza shahada akiwa na miaka 20, mzima wa afya. Anachukua bima nafuu na kuokoa zaidi ya Euro 100 kila mwezi. Mwaka wa tatu anagundulika ana ugonjwa wa kudumu. Mkataba wake unakaribia ukomo, na kampuni nyingine inamuuliza maswali ya afya kabla ya kumpokea. Mlango wa umma utafunguka tena atakapopata ajira inayomwingiza kwenye bima ya lazima, lakini hilo laweza kuwa baada ya kuhitimu. Fedha alizookoa ni za nani sasa?

Hii haina maana kwamba bima binafsi ni utapeli. Maana yake ni kwamba msamaha usisainiwe kwa ushauri wa rafiki kwenye kundi la WhatsApp, na usisainiwe na kijana peke yake bila wanaomlipia kujua.

Miaka 30, na kozi ya lugha

Wako ambao hawana uchaguzi huo. Anayeanza shahada akiwa ameshatimiza miaka 30 haingii kwenye mchango wa wanafunzi. Kwa anayetoka nje ya Ulaya, ambaye hakuwahi kuwa kwenye mfumo huo, kinachobaki kwa kawaida ni bima binafsi. Mama wa watoto wawili anayekwenda kusoma shahada ya uzamili akiwa na miaka 34 anapaswa kulijua hilo kabla ya kupanga bajeti.

Vivyo hivyo kwa anayeanza na kozi ya lugha au mwaka wa maandalizi ya chuo. Kwa kuwa bado hajasajiliwa kama mwanafunzi wa shahada, huhitaji bima binafsi kwa kipindi hicho. Akianza shahada kabla ya kufikisha miaka 30, ndipo huingia kwenye bima ya umma. Asisahau kubadilisha.

Anayekwenda kazini

Kwa muuguzi, fundi au kijana anayekwenda kwenye mafunzo ya ufundi yenye posho, mambo ni mepesi zaidi. Mkataba wa ajira au wa mafunzo humwingiza kwenye bima ya umma. Mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara, juu yake kuna nyongeza inayopangwa na kila mfuko, na gharama hizo mwajiri na mfanyakazi hugawana nusu kwa nusu. Aliyezoea makato ya NHIF hapa nyumbani, asilimia 6 inayogawanywa na mwajiri, ataelewa utaratibu ingawa kiwango kitamshtua.

Kijana anayekwenda kujitolea kwa mwaka mmoja katika mpango rasmi hulipiwa na taasisi inayompokea. Anayekwenda kama au pair, yaani kuishi na familia na kusaidia kulea watoto, hulipiwa bima na familia hiyo. Ukisikia binti wa au pair anaambiwa ajilipie bima mwenyewe, uliza maswali.

Siku za katikati

Kuna pengo ambalo halionekani kwenye kalenda ya nyumbani. Bima ya mfanyakazi huanza siku mkataba wa kazi unapoanza. Ya mwanafunzi hufuata kuanza kwa muhula na usajili wake. Kijana akitua Frankfurt tarehe 10 Septemba na muhula ukaanza Oktoba 1, siku hizo ishirini na moja hana mfuko unaomlipia.

Kwa siku hizo ndipo bima ya safari ina kazi yake. Inunuliwe kuanzia siku ya kutua mpaka bima kamili inapoanza, na iongezwe wiki kadhaa za tahadhari, kwa sababu ndege huahirishwa na usajili huchelewa.

Mke na watoto wamo. Mama je?

Hapa kwetu mwanachama wa NHIF anaweza kuwaandikisha wazazi wake miongoni mwa wategemezi. Ndiyo maana watu wengi hudhani mtoto akipata kazi Ujerumani, mama naye ataingia kwenye kadi.

Haiko hivyo. Bima ya familia ya mfuko wa umma humchukua mwenzi wa ndoa na watoto wanaoishi Ujerumani, bila mchango wa ziada. Mwenzi hatakiwi kuwa na kipato kinachozidi kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa Euro 535 kwa mwezi. Watoto hukaa humo hadi miaka 18, au hadi 25 wakiwa masomoni. Kwenye bima binafsi kila mmoja hulipiwa peke yake, hata mtoto mchanga. Tofauti hiyo peke yake yaweza kuamua kama baba ataweza kuwaita mkewe na watoto.

Wazazi hawamo kabisa. Tangu Machi 1, 2024, sheria imewaruhusu baadhi ya wataalamu waliopata kibali chao kwa mara ya kwanza tarehe hiyo au baadaye kuwaita wazazi wao wakaishi nao. Lakini mzazi lazima awe na bima yake inayotosheleza, na kwa mtu mzima mwenye kisukari na presha, bima binafsi huwa ghali au haipatikani. Zaidi ya hapo, aliyevuka miaka 55 bila kuwa kwenye mfuko wa umma kwa kawaida hata akipata kazi haingizwi humo. Ni vizuri familia ilizungumze hili mapema, kabla kijana hajamwahidi mama yake kwamba atakuja kumchukua.

Maswali ya kukaa nayo mezani

Kabla ya kulipa bima yoyote, kaeni na kijana mjibu haya:

- Inaanza siku gani na inaisha siku gani? Kuna siku isiyo na bima?
- Inakubalika kwa viza tu, au hata kwa kibali cha ukaazi na usajili wa chuo?
- Inalipia ugonjwa alionao sasa? Mimba? Afya ya akili?
- Ni ya umma au binafsi? Kama ni binafsi, je, inamtaka aombe msamaha wa bima ya umma?
- Asipolipa mwezi mmoja itakuwaje? Mifuko ya umma hudai michango ya nyuma, na deni humfuata mtu.

Kijana mwenye ugonjwa wa kudumu aondoke na ripoti ya daktari wake iliyotafsiriwa Kiingereza au Kijerumani, pamoja na dawa za kumtosha mpaka bima kamili ianze. Asifiche ugonjwa wake kwenye fomu ya bima binafsi. Kampuni ikigundua, inaweza kuuvunja mkataba, na bili ya hospitali itarudi kwa mgonjwa, ambaye kwa familia nyingi maana yake ni kurudi kwa wale wale waliochangia nauli.