Sura ya Tano: Jasho la Ukuta

Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe anayekuja kunilalamikia bili ya umeme kwa kawaida huja na dawa yake mkononi. Nyumba ni kuukuu, anasema, kuta zimechoka. Zipigwe lipu ya saruji, madirisha yazibwe kwa vioo, na viyoyozi viongezwe. Nimemwandikia yeye sura hii. Nitaanzia juu na kushuka: paa, kuta, njia za hewa, na mwisho mashine.

Kwanza ipo dhana ya kuondoa njiani, nayo ni kwamba kuta nene za mawe ya matumbawe huleta baridi. Hazimletei mtu baridi. Ukuta wa nusu mita hunywa joto la mchana taratibu na kulitema saa kumi au zaidi baadaye, yaani pale unapotandika kitanda. Kwenye jangwa la ndani ya Oman, ambako usiku hewa hupoa sana, tabia hiyo ni neema. Unguja usiku hauna ubaridi wa kutosha kuupoza ukuta hivyo. Waliozijenga nyumba hizi walitegemea kivuli na upepo, na vichochoro vyembamba ambamo kila nyumba inamtilia jirani kivuli. Hata Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambayo ilitangulia nyumba nyingine za Unguja kuwa na umeme, ilizungushiwa roshani pana ili jua lisiufikie ukuta. Hapo nazungumzia jengo lilivyokuwa kabla ya sehemu yake kuporomoka Desemba 2020.

Paa halina maneno mengi. Zamani lilikuwa tambarare, chokaa juu ya boriti za mikoko. Lilipozidi kuvuja watu wakaweka mabati juu yake. Bati la saa saba mchana linaweza kupita nyuzi 60, lakini ile nafasi iliyobaki kati ya bati na paa la zamani ni kinga nzuri, mradi hewa ipite. Watu huijaza makorokoro, wakaziba na pembe zake. Toa vitu, fungua matundu pande mbili zinazotazamana, weka wavu wa kuzuia popo na kunguru. Na usimruhusu fundi amwage zege juu ya boriti kwa hoja kwamba litazuia joto. Boriti ya mkoko inafunika chumba cha upana wa mita tatu hivi, na tayari imebeba tabaka za chokaa zilizoongezwa kila paa lilipovuja. Ukiitwisha na zege, siku moja itashuka nalo.

Kuta. Hapa mpango niliouahidi unaharibika, maana kuna kitu kimoja nikianza kukieleza siwezi kukiacha: lile doa la kona.

Mkaazi yeyote wa nyumba hizi analijua. Liko chumba cha chini, usawa wa kiuno, limezungukwa na ukingo mweupe. Rangi imebambuka kama ngozi iliyoungua jua. Ukipitisha kidole unabaki na unga, na ukiuonja kwa ncha ya ulimi ni chumvi. Masika doa linaloa, kaskazi linakauka, masika inayofuata linarudi na umbo lile lile. Kwa sababu ya umbo hilo watu wameita waganga, wamefukiza ubani, wamehama vyumba. Ni jini, wanasema. Wengine wanaleta hadithi za kasri la Dunga, kwamba chokaa yake ilikandwa kwa damu ya watumwa, na ukuta uliolishwa damu haukauki. Nimechoka kuyasikia. Dhuluma waliyofanyiwa watumwa wa Unguja imeandikwa vya kutosha bila kuhitaji ushahidi wa doa la ukuta.

Doa hurudi na umbo lake kwa sababu chumvi imekaa palepale. Jiwe la matumbawe lina chumvi, mchanga wa ufukweni una chumvi, na nyumba hizi hazina kizuizi chochote kwenye msingi, kwa hiyo maji ya ardhini na ya mabomba mabovu ya choo hupanda ukutani yakiibeba. Yanapofika usoni mwa ukuta yanakauka na kuiacha. Sasa, chumvi ya kawaida ina mpaka wake: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huvuta maji kutoka hewani hadi ikayeyuka yenyewe, ukishuka chini ya hapo, hukauka na kuwa fuwele tena. Unyevu wa pwani yetu huvuka mpaka huo mara kwa mara, hata siku isiyo na tone la mvua. Ndiyo maana ukuta unatoka jasho wakati bomba halivuji popote.

Rudi sasa kwenye bili ya umeme. Kiyoyozi kina kazi mbili, kupoza hewa na kuikamua maji, na hapa pwani sehemu isiyo ndogo ya umeme huenda kwenye kukamua. Kikifungwa kwenye chumba chenye ukuta wa chumvi na maji, unalipa kukausha msingi wa nyumba, kazi isiyo na mwisho. Kibaya zaidi, ukikiwasha usiku hewa inashuka chini ya ule mpaka na chumvi inakuwa fuwele. Ukikizima asubuhi inayeyuka. Kila fuwele inayokua ndani ya lipu inaisukuma. Yaani mtu ananunua umeme wa kubomoa ukuta wake.

Ndipo anapoitwa fundi wa saruji. Lipu yake inapendeza mwaka wa kwanza. Ila maji yaliyokuwa yanatokea usawa wa kiuno, yakikuta uso umezibwa, hupanda hadi usawa wa kichwa, na saruji inabanduka vipande vipande ikiwa imeng'ang'ania jiwe. Rangi za plastiki zinazouzwa kama kinga ya maji zina kosa lile lile. Upande wa pili siku hizi wapo wanaohubiri kwamba nyumba ya kale “inapumua”, kana kwamba ina mapafu, na kwa hiyo isiguswe kabisa. Ni mvuke tu unaopita kwenye vitundu vya chokaa, na unaweza kusaidiwa.

Kabla ya kutumia hata shilingi, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, uache siku mbili. Maji yakitokea nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakitokea mbele, ni unyevu wa hewa ya chumba, huenda wa jiko au wa nguo unazoanika ndani. Ni matatizo mawili tofauti na wengi wanatibu lisilo lao.

Ikiwa ni la ukuta, anza na mifereji ya paa na mabomba. Kisha bandua saruji yote na upige lipu ya chokaa iliyorowekwa muda mrefu, wiki nyingi, miezi ikiwezekana, kwa mchanga usio na chumvi. Piga tabaka nyembamba, na kila tabaka ilowanishwe kidogo kidogo isikauke kwa pupa, maana chokaa hushika kwa kunyonya hewa ya kaboni na inahitaji unyevu ili iinyonye. Malizia kwa chokaa, usipake rangi ya plastiki. Baada ya miaka kadhaa lipu hiyo italiwa na chumvi, na hiyo ndiyo kazi yake: iliwe yenyewe, jiwe libaki. Wenye nyumba huniambia hii ni kazi ya kurudia rudia. Naam, kama kupaka rangi.

Njia za hewa nilizipangia kurasa nyingi. Itatosha mistari michache. Usiezeke ua wa ndani kwa plastiki angavu, kama zifanyavyo baadhi ya hoteli. Hewa ya moto inatokea huko, na ukiufunika umeziba njia yake. Madirisha ya vibao vya kulaza yaache yafanye kazi: mchana yanakata jua na kupitisha upepo, jambo ambalo kioo hakiwezi. Umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kioo kisichofunguka hakikumfaa mtu.

Mashine. Feni ya dari hula wati 60 au 75. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula 1,000 na zaidi. Upepo wa feni hukufanya uhisi hewa imeshuka nyuzi mbili au tatu, basi weka kiyoyozi 26 na feni iwe inazunguka. Kukitegesha 18 hakukiharakishi, kunakichelewesha kuzima tu. Vile vipoza hewa vya ndoo ya maji viache dukani. Vinafaa nchi kavu, hapa vinaongeza unyevu ule ule tunaoulipia kuutoa. Chagua chumba kimoja cha kulala, cha juu, chenye ukuta mkavu, na ufunge kiyoyozi kimoja. Sehemu yake ya nje isielekezwe kichochoroni usoni mwa jirani. Na kwa nyumba iliyo ndani ya eneo la urithi, Mamlaka ya Mji Mkongwe iulizwe kabla ukuta haujatobolewa. Halafu ule mpira wa maji, ambao mafundi wengi huuacha ukining'inia nusu ya ukuta: ushushe hadi kwenye mfereji, maana kiyoyozi hutoa maji ndoo nzima kwa usiku mmoja, na maji hayo yakichirizika juu ya matumbawe yatatengeneza doa jipya, safari hii kwenye ukuta wa jirani.