Kidonda cha mguu kisichofunga: anachofanya muuguzi

Mkulima anajikata na jembe shambani kule Tetu, au anachubuliwa na gambuti akichuma majani chai Othaya. Anapaka spiriti na kuacha kidonda kikauke juani. Wiki mbili zinapita, mwezi unapita, na kidonda kingali wazi. Mara nyingi shida si dawa iliyopakwa. Shida iko chini ya ngozi, na muuguzi huanza kwa kuitafuta.

Kidonda kikiwa juu kidogo ya kifundo, na mguu huvimba kila jioni, huenda mishipa inayorudisha damu moyoni imelegea. Damu hutuama mguuni na ngozi hushindwa kupona. Tiba kuu ni bendeji ya kubana, inayofungwa kuanzia kwenye vidole hadi chini ya goti. Hata hivyo, muuguzi kwanza hupima mpigo wa damu mguuni, kwani mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa huharibika zaidi. Ndiyo maana bendeji hii si ya kujifungia nyumbani.

Kidonda cha wayo au kidole ni jambo jingine, hasa kwa mwenye kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka huua hisia za miguu. Mtu hukanyaga msumari asijue. Wengine huungua wakiota moto jikoni, baridi ya Julai ikikolea. Muuguzi hugusa wayo kwa uzi mwembamba wa plastiki kuona kama mgonjwa anahisi, hupima sukari, huondoa nyama iliyokufa, husafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha hukifunika ili kibaki na unyevu kiasi. Pia humwagiza mgonjwa asiukanyagie mguu huo, agizo gumu kwa mwenye ng'ombe wa kukamua alfajiri. Lakini bila hilo, dawa zote ni kazi bure.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu; aliyejisajili na SHA kupitia *147# hatozwi ada huko. Wenye vidonda vibaya zaidi hutumwa hospitali za Karatina na Mukurwe-ini, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Nyeri. Kidole kikigeuka cheusi, kidonda kikinuka, wekundu ukipanda mguuni au homa ikiingia, mgonjwa aende siku hiyo hiyo, kwa kuwa kuchelewa kunaweza kuishia kwa mguu kukatwa.

Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila jioni. Asiyeweza kuinama amwombe mjukuu amwangalilie.