Vitu vya kuchezea vya Idd: tazama kwanza mfuniko wa betri



Idd kwetu ni siku ya watoto. Baada ya swala hupita nyumba kwa nyumba kutoa mkono wa Idd, wakakusanya pesa zao za sikukuu, kisha wakaenda viwanjani. Huko hununua wenyewe: mdoli anayeimba, kigari kinachowaka taa, pete ya mwanga, maputo. Jioni vitu hivyo huingia ndani bila mzazi kuvitazama, na kabla ya Isha vimeshafika mikononi mwa mdogo wao anayetambaa.

Kucheza si jambo baya. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Mtoto hujifunza kwa kucheza. Lakini mtoto ni amana, na kinachoingia mikononi mwake ni juu yetu sisi wazazi kukikagua.

Betri ndogo ya duara

Vidude vingi vinavyoimba au kuwaka taa hutumia betri bapa ya duara inayofanana na sarafu. Tazama maandishi yake. Ikiandikwa 2032 au 2025, ile 20 ya mwanzo ni upana wake kwa milimita. Ukubwa huo ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu unatosha kukwama katika umio wa mtoto mdogo, yaani njia ya chakula.

Wengi hudhani hatari ni sumu iliyomo ndani ya betri. Hatari kubwa ni umeme. Betri ikikwama, majimaji ya mwili huunganisha pande zake mbili, umeme hupita, na mahali hapo hutengenezwa kemikali kali inayounguza kama magadi ya kutengenezea sabuni. Jeraha baya laweza kutokea ndani ya saa 2, na baadaye umio au hata mshipa mkubwa wa damu ukatoboka. Betri iliyoisha, ambayo haiwashi tena kidude, bado ina nguvu ya kuunguza. Kwa hiyo usiiache mezani wala kumpa mtoto aichezee.

Balaa ni kwamba mara nyingi hakuna aliyeona mtoto akimeza. Dalili zake hufanana na za mafua au vidonda vya koo: udenda mwingi, kikohozi, kutapika, kukataa chakula, kulia akimeza. Mama humpa dawa ya kikohozi akingoja kesho, na kumbe kila saa inayopita ni hasara. Ukikuta kidude kimefunguka na betri haionekani, chukulia kwamba imemezwa.

Hapo fanya hivi. Usimtapishe na usimpe chakula. Mpeleke mara moja hospitali yenye eksirei, na umwambie daktari waziwazi: "Huenda amemeza betri." Kama amezidi mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali njiani: vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara 6. Asali, ambayo kila Muislamu anajua ilivyotajwa katika Surat An-Nahl, hupaka betri na kupunguza kuungua. Haiitoi betri. Basi kama asali haipo ndani, usipoteze muda kwenda kuitafuta. Aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa. Na betri ikiingia puani au sikioni, usitie maji wala dawa ya matone; nayo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Ukaguzi wa dakika tano

Usiku wa sikukuu, kaa na watoto wako mkikague pamoja walichonunua. Usiwanyang'anye, waeleze.

Kwanza, mfuniko wa betri. Uwe umefungwa kwa skrubu, usiofunguka bila bisibisi. Kama unafunguka kwa kucha, au kidude kikianguka betri inatoka, kiondoe nyumbani.

Pili, ukubwa. Chukua lile bomba la karatasi ngumu linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopenya humo chaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vuta pia macho ya mdoli na magurudumu ya gari uone kama yanang'oka.

Tatu, alama ya umri. Duara jekundu lenye uso wa mtoto na namba 0-3, likiwa limekatwa kwa mstari, maana yake kisipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Nne, sumaku. Vijisumaku viwili vikimezwa huvutana tumboni vikabana utumbo katikati, mpaka ukatoboka. Hii nayo ni dharura.

Tano, maputo. Kipande cha puto lililopasuka huziba koo kabisa. Okota vipande vyote mara moja, na mtoto wa chini ya miaka minane asiachwe kupuliza puto peke yake.

Sita, kamba. Kwa mtoto mchanga, kamba ya kidude isizidi shubiri moja, isije ikamzunguka shingoni.

Saba, rangi. Rangi inayobanduka yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Mwaka 2007 mamilioni ya vitu vya kuchezea yaliondolewa madukani Marekani kwa sababu hiyo, na majina makubwa yalikuwamo. Bei kubwa peke yake si dhamana.

Vya kutengeneza nyumbani navyo vikaguliwe. Gari la kopo ni zuri, lakini kunja kingo zake zisikate, kwani jeraha chafu huleta pepopunda kwa asiyechanjwa.

Usafi

Kitu kinachowekwa mdomoni kioshwe kwa maji na sabuni, kisuuzwe, kikauke vizuri. Chenye betri kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Mdoli wa kitambaa ufuliwe na kuanikwa juani. Watoto wakubwa wawe na kikapu chao cha juu, mdogo awe na chake cha chini, visichanganywe.

Ndugu msomaji, pesa ya sikukuu ni haki ya mtoto, na furaha yake ni furaha yetu. Tusimharibie. Tuchukue tu bisibisi na dakika tano kabla hajalala.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.