Je, Wajua? Sukari ya kahawia si moja

Sukari ya kahawia unayonunua dukani Kamakis, kando ya Eastern Bypass huko Ruiru, si ile inayotajwa kwenye mapishi ya biskuti ya Kimarekani. Ya kwetu ni sukari ya miwa ambayo haikusafishwa hadi ikawa nyeupe: chembe kubwa, kavu, zenye utando mwembamba wa molasi. Kwenye chai haina neno. Ukiipiga na siagi, chembe hukawia kuyeyuka, na biskuti ikiiva utazisikia menoni.

Ya Kimarekani ni laini na yenye unyevu kama mchanga uliomwagiwa maji. Kwa kawaida ni sukari nyeupe iliyorudishiwa molasi, takriban asilimia 3.5 kwa ile hafifu na 6.5 kwa iliyokolea. Molasi hushika unyevu, ndiyo maana keki yake haikauki upesi. Tena ina uchachu kidogo unaoamsha beking soda. Muscovado, sukari nyingine ya kahawia, kwa upande wake haikutenganishwa na molasi yake tangu mwanzo.

Huna haja ya kuisaka ile ya Kimarekani mjini. Chukua kikombe cha sukari nyeupe laini, tia kijiko kikubwa kimoja cha molasi (viwili ukitaka iliyokolea), uponde kwa uma hadi rangi ienee. Iwe molasi ya chakula, tafadhali, si ile ya mtungi wanayolishwa ng'ombe wa Kiambu. Na kwa keki ya tangawizi, jaribu sukari nguru iliyokunwa: mimi naipenda kuliko muscovado ya bei ghali.